Kadi ya VIP ya klabu hapa Tanga, inalipa?

Mkazi wa Chumbageni: Wakuu, klabu moja yenye wanenguaji inauza kadi ya VIP 300,000 kwa mwaka. Mlangoni ni 10,000, naenda Jumamosi mbili kwa mwezi nikitoka zamu bandarini. Kochi la mbele nalitamani kweli, miguu inakuwa imechoka.

Ngamiani: Mara 24 ni 240,000. Unaongeza 60,000 ya kochi. Vinywaji vimo?

Mkazi wa Chumbageni: Havimo.

Dada wa Raskazoni: Kaka, nimehudumu sehemu kama hiyo miaka miwili. Ukikaa mbele utatuza kila wimbo, aibu haikuachi. Pesa inaishia hapo. Tena uliza kama sikukuu kadi inakubaliwa. Kwetu ilikataliwa, wateja wakagombana na mlinzi, niliwahurumia sana. Lipa mlangoni.

Mkazi wa Chumbageni: Idi ndiyo siku yangu! Naacha, dada. Asante.