Binti katoka JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), ndiyo mwanajeshi?

Mama Zawadi: Wanangu, binti yangu kamaliza mujibu wa sheria, yale mafunzo ya lazima ya JKT baada ya kidato cha sita. Karudi na kipara, saa kumi alfajiri keshafagia uwanja. Mtaa mzima wanamwita afande. Jirani kaja kuomba akamtishe mpangaji wake! Ndiyo keshaajiriwa?

Kuruta Mstaafu: Hapana mama. JKT ilianzishwa 1963 kulea vijana. Jeshi la ulinzi ni JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na huko huingii bila kuandikishwa. Mimi nilijitolea miaka miwili, kwata asubuhi, jembe mchana, nikarudi na cheti na sugu.

Shemeji wa Mbezi: Na kombati, sare za jeshi, asivae mtaani, atakamatwa.

Mama Zawadi: Kumbe! Nimeshamwambia jirani amalizane na mpangaji wake.