Mafuta ya mbegu za karoti: nimeuziwa feki?

NgoziKavu
Habari zenu. Nina chupa mbili mezani zinanichanganya. Moja nimetengeneza mwenyewe: nilikwaruza karoti mbichi, nikailoweka kwenye mafuta ya alizeti siku kumi. Rangi ya chungwa ilitoka safi, ila jana nimefungua nikakuta utandu mweupe juu na harufu ya kitu kilichochacha. Ya pili nimenunua, imeandikwa mafuta ya mbegu za karoti. Hiyo ni ya manjano iliyopauka na inanuka kama udongo ulionyeshewa. Nimeibiwa? Halafu kuna mtu kaniambia nikiyapaka sihitaji krimu ya jua. Nina na pakiti ya mbegu za kupanda, nawaza kuzisaga.

Bibi_Sabuni
Hukuibiwa, mwanangu. Hiyo harufu ya udongo ndiyo yenyewe. Mafuta hayo hukenekwa kwa mvuke kutoka kwenye mbegu, na karotini, ile inayotia rangi ya chungwa, haipandi na mvuke. Kinachopanda zaidi ni kitu kingine kiitwacho karotoli. Ningekuwa wewe ningeitilia shaka chupa ya mafuta ya kukenekwa yenye rangi ya chungwa kali!

Usiyapake matupu. Mimi hutia matone sita kwenye mililita 30 za mafuta ya jojoba, kama asilimia 1 hivi, kisha napaka kidogo ndani ya mkono na kusubiri siku nzima. Mara ya kwanza nilitia matone ishirini kwa pupa. Shingo iliniwasha usiku kucha, na mto ukanuka shamba wiki nzima. Ukiwa mjamzito, yaache.

Ile ya kwanza mwaga, usichuje. Karoti mbichi imejaa maji, na maji ndiyo yaliyoleta kuvu. Ukirudia, kausha vipande mpaka vikatike kwa mlio ukivikunja.

Kuhusu jua, hapana. Endelea na krimu yako. Nguvu ya kinga hupimwa kwa krimu iliyokamilika, tena ikiwa imepakwa ya kutosha. Matone sita hayazuii kitu.

Jembe_na_Reki
Niongeze hapo kwenye mbegu. Za pakiti mara nyingi zimepakwa dawa ya kuua kuvu, ndiyo maana zinatiwa rangi ili mtu asizile. Usisage hizo! Na ukitaka kuvuna za kwako uwe na subira: karoti kwa kawaida hutoa maua mwaka wa pili, tena baada ya kupitia baridi.

NgoziKavu
Asanteni. Bibi, kumbe kosa lilikuwa maji! Na ile ya kununua nayo nilikuwa naipaka tupu usoni, ndiyo maana mashavu yanawaka.

Bibi_Sabuni
Pumzisha uso kwanza mpaka upoe kabisa. Hata hayo matone sita yasubiri.

NgoziKavu
Sawa, Bibi. Pakiti nimeifungua sasa hivi: mbegu zote zina rangi ya waridi. Natafuta ndoo nizipande.