Uzamili wa muziki "kwa walimu walioko kazini": wamekataa mazoezi yangu ya vitendo na wanataka nilipe dola 630 upya

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa muziki katika sekondari ya serikali mkoani Dodoma, huu ni mwaka wa 11. Niko muhula wa pili wa shahada ya uzamili ya elimu ya muziki kwa njia ya mtandao, chuo kimoja cha Marekani. Sitakitaja kwa sababu rufaa yangu bado iko mezani kwao. Jumanne nimepokea barua pepe kwamba mazoezi yangu ya kufundisha kwa vitendo hayakukubaliwa, nirudie kozi nzima na nilipe upya. Tangu siku hiyo usingizi umenipaa.

Wametoa sababu mbili. Kwanza, kikundi nilichofundisha si bendi, si okestra, wala si kwaya yenye mpiga kinanda. Pili, aliyenisimamia hana shahada ya uzamili ya muziki.

Kikundi chenyewe ni wasichana 22 wa kidato cha pili na cha tatu wanaopiga muheme. Kwa msiojua, muheme ni ngoma za wanawake wa Kigogo: mpigaji anaibana ngoma mapajani, anapiga huku anacheza, na kila ngoma ina mdundo wake unaoingia kati ya mingine. Kumfundisha mtoto ashike mdundo wake bila kuvutwa na wa jirani ni kazi ya wiki kadhaa. Nilifanya kwa wiki kumi, Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi. Nikaandika maandalio ya kila somo, nikarekodi, nikaandika tathmini kwa Kiingereza, kurasa 31. Aliyenisimamia ni bibi wa kijiji jirani ambaye amepiga muheme zaidi ya miaka 40, na mwalimu wa taaluma akawa anasaini fomu. Kwa somo hili, mkoani kwetu, ningempata nani anayemzidi yule bibi?

Tuseme lilivyo. Hukwe Zawose, Mgogo aliyepiga ilimba (ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba) na zeze kwenye majukwaa ya dunia mpaka alipofariki mwaka 2003, alikuwa mwalimu pale Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Kwa kigezo cha barua hii, hata yeye angekataliwa kunisimamia.

Nilipowauliza nifanye nini, jibu likaja la mistari miwili: tafuta shule ya kimataifa yenye bendi iliyo karibu nawe. Karibu nami! Yaani niache darasa langu, nisafiri mpaka Dar es Salaam, nikafundishe watoto nisiowajua ala ambazo shule yangu haitakuwa nazo hata miaka 20 ijayo, halafu nirudi kwa hawa 22 niwaambie ninyi hamhesabiki. Tangazo lao lilisema "darasa lako ndilo maabara yako". Ndiyo sentensi iliyonifanya nijiunge. Nilichukua mkopo SACCOS ya walimu kwa sababu ya sentensi hiyo.

Hesabu iko hivi. Baada ya punguzo nalipa dola 210 kwa krediti, krediti ni 30. Mazoezi ya vitendo ni krediti tatu, kwa hiyo ni dola 630 zilizokwishalipwa, na sasa wanataka 630 nyingine. Mkopo unakatwa kwenye mshahara kila mwezi hadi 2028. Mke wangu ameniuliza hela ya pili itatoka wapi, sikuwa na jibu.

Najua kuna watakaouliza kwa nini sikusoma hapa nchini. Stashahada nilisoma TaSUBa, ndicho kile Chuo cha Sanaa Bagamoyo kwa jina la sasa, na naiheshimu mpaka leo. Lakini kwenda kukaa Dar es Salaam kwa uzamili ni kuomba ruhusa ya masomo, na shuleni kwangu mwalimu wa muziki ni mimi peke yangu. Nikiondoka somo linakufa. Shule zenye watahiniwa wa Muziki mtihani wa kidato cha nne ni chache mno, sitaki yetu ifutike.

Turudi kwenye hilo neno "kazini". Vipindi vya moja kwa moja ni lazima, vinaanza saa moja jioni kwa saa zao za mashariki. Huku ni saa tisa usiku. Sikulalamika, niliamka. Mwezi Machi wenzetu wakasogeza saa zao mbele, sisi hatusogezi, kipindi kikahamia saa nane usiku bila mtu kunikumbusha. Niliingia saa tisa nikakuta wanaagana. Nikawekwa mtoro, asilimia tano zikakatwa. Asubuhi yake saa mbili kasoro nilikuwa darasani kidato cha kwanza.

Nimefikiria kwa nini wamepanga hivyo, na nadhani naelewa. Mwalimu wa shule ya umma kule anatoka kazini alasiri, anakula, anafungua kompyuta. Wilaya nyingi za Marekani zina jedwali la mshahara ambalo ukipata uzamili unapanda ngazi. Kozi imeshonwa kwa kipimo chake, na hilo si kosa. Kosa ni kuiuza kwa mwalimu wa Dodoma, kupokea ada yake, halafu kumhukumu kwa kuwa haishi Ohio.

Suala la sauti ndilo lililoniuma zaidi baada ya hili la vitendo. Programu za mikutano ya mtandaoni zimetengenezwa kwa ajili ya maneno. Zina kichujio kinachofuta kelele, na kelele kwake ni chochote kisichofanana na mtu anayeongea. Ngoma zikilia mfululizo inazikandamiza. Zeze likivuta sauti ndefu inafifia. Kichujio kinaweza kuzimwa, na chuo cha muziki kingekuwa cha kwanza kutufundisha. Mimi niligundua mwenyewe wiki ya sita, wakati tayari nimepewa maoni kwamba kikundi changu "kinapoteza mdundo". Watoto hawakupoteza mdundo! Uliliwa njiani. Na kuna siku tulitakiwa kupiga wawili wawili moja kwa moja, mimi na mwenzangu aliye New York. Wapigaji huanza kupishana mdundo pale sauti inapochelewa kufika kwa zaidi ya takriban milisekunde 30. Kutoka huku mpaka kule ni zaidi ya kilomita 12,000. Hata mwanga ndani ya nyaya za intaneti unatumia milisekunde 60 kufika, upande mmoja tu. Tuliambiwa tuongeze mazoezi.

Na ile kazi ya kuandika nota. Niliandika wimbo wa ilimba. Mpangilio wa sauti za Wagogo unafuata mfululizo wa sauti za asili, yaani zile zinazojitokeza zenyewe juu ya sauti moja ya msingi, na sauti ya saba ya mfululizo huo iko chini ya ile ya piano kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Nilieleza hayo ukurasa wa kwanza kabisa. Msahihishaji akazungushia duara jekundu kila mahali inapotokea, akaandika "ala haijapatanishwa". Nilipeleka pia nakala ya solfa, yaani nota za do-re-mi zinazoandikwa kwa herufi, kwa sababu ndiyo inayosomwa na kwaya zetu, Walutheri, Wakatoliki, wote. Mfumo wao haukuipokea. Solfa hiyohiyo ilienezwa na Mwingereza, John Curwen, karne ya 19, ikaletwa huku na wamisionari, tukaishika. Leo haitambuliki.

Sisemi waniachie marks za bure. Wakisema maandalio yangu ni dhaifu, nitayaandika upya usiku kucha. Lakini hakuna mstari hata mmoja kwenye barua yao unaozungumzia nilivyofundisha. Sina uhakika kama kuna aliyefungua video.

Nawaombeni msaada wa mambo mahususi. Kuna aliyewahi kukata rufaa ya mazoezi ya vitendo chuo cha nje akashinda? Ulitumia hoja gani, na ulimwandikia nani baada ya mkuu wa programu kukaa kimya? Pia aliyepeleka TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) shahada ya muziki ya mtandaoni kwa ajili ya kutambuliwa, waliuliza nini kuhusu vitendo? Ada ya muhula wa tatu mwisho ni tarehe 15, na sitatuma hata senti kabla sijajibiwa kwa maandishi.

Nimeongeza: kuna mdau kaniuliza PM kama wasichana wanajua. Hawajui. Alhamisi tunaendelea na mazoezi saa tisa alasiri kama kawaida, na bibi atakuwepo.