Tupeane uzoefu: mliowahi kudaka hoki, na kipa aliyewagusa moyo

Salaam aleikum watu wa Mvita. Leo tuwazungumzie makipa wa hoki. Naanza mimi.

Tarehe 5 Agosti 2021 nilitoka msikitini Alfajiri nikamkuta kijana wangu kainamia simu: India na Ujerumani wanagombea shaba ya Olimpiki ya Tokyo. India wanaongoza 5-4, zimebaki sekunde chache, Wajerumani wakapata penalti kona, yaani mpira wa adhabu unaoanzia karibu na goli. Nilisimama mlangoni, viatu mkononi. Kipa wa India, Sreejesh, akauokoa mpira. India walikuwa na miaka 41 bila medali ya hoki ya Olimpiki, na yule kipa akapanda akakaa juu ya mwamba wa goli. Nililia mbele ya mwanangu.

Nilidaka miaka ya tisini pale Mombasa Sports Club, pedi za kuazima, kila mechi natafuta aliyezitumia mwisho. Baadaye nikasoma kwamba babake Sreejesh, mkulima wa Kerala, aliuza ng'ombe amnunulie vifaa vya golini. Basi nikajua kwa nini nililia.

*

Shikamoo kaka. Mimi wa Likoni. Shuleni mwalimu mmoja aliniambia golini si mahali pa msichana, nikakaa benchi muhula mzima. Halafu ikaja fainali ya wanawake, Olimpiki ya Rio 2016, Uingereza na Uholanzi, 3-3, ikaamuliwa kwa mikwaju. Kwenye mikwaju hiyo ya hoki mshambuliaji hapigi mpira uliotulia kama penalti ya kandanda. Huanzia mita 23, ana sekunde nane, nawe unamtokea. Maddie Hinch, kipa wa Uingereza, hakufungwa hata moja, wakashinda 2-0. Alikuwa na kidaftari cha tabia za wapigaji wa upande wa pili. Nami nikanunua daftari la kurasa 48, nikawa naandika: huyu huvuta kushoto, huyu hufumba macho akipiga. Muhula uliofuata nilianza mechi zote.

*

Mimi ni Paris 2024 tu, robo fainali na Uingereza. India walicheza wakiwa wachezaji kumi kwa zaidi ya nusu ya mechi, ikaisha 1-1, wakashinda mikwaju 4-2. Baada ya shaba Sreejesh akastaafu, na jezi yake namba 16 ikapumzishwa, haivaliwi tena na mwingine timu ya wakubwa. Haki yake.

*

Wazee wangu, kuna wanaosema watu hawawapendi makipa. Mashabiki walimchagua Sreejesh mwanamichezo bora wa mwaka 2021 katika tuzo ya kimataifa ya World Games, kwa kura 127,647. Kipa, uso umefichwa na helmeti! Na msisahau Barcelona 1971, Kombe la Dunia la kwanza: Kenya tulishika nafasi ya nne, tukakosa shaba kwa 2-1 mbele ya hao hao India, baada ya muda wa nyongeza. Marehemu babu alikuwa akiisimulia mechi hiyo kila Idi, na mimi sikuwahi kumuuliza nani alikuwa golini kwetu. Linaniuma hadi leo.

*

Dada wa Likoni, lile daftari unalo bado? Binti ya jirani yangu ameanza kudaka, ana miaka kumi na mbili. Nikivuka feri Jumamosi nitakuja naye.