Kwa nini askari alimuuguza nduguye mwenyewe kambini?

Swali: Ndugu zangu, nasoma kuhusu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, na nimeguswa sana na askari waliowauguza ndugu zao hemani. Je, hakukuwa na wauguzi?

Jibu la kwanza: Walikuwepo, ila hawakutosha, na mara nyingi kazi hiyo walipewa askari waliokuwa wakipata nafuu. Kwa kuwa kombania nyingi ziliundwa na watu wa eneo moja, ndugu wa tumbo moja walijikuta wakilala hema moja. Mmoja aliposhikwa na homa ya matumbo, mwenzake ndiye aliyemnywesha maji, akamfulia nguo na kuwaandikia wazazi.

Jibu la pili: Linaloniumiza mimi ni kwamba maji hayohayo huenda yalikuwa yamechafuliwa na vyoo vya kambi. Kijidudu cha homa hiyo kilitambuliwa mwaka 1880 tu, hivyo muuguzaji naye aliweza kuambukizwa bila kujua. Takriban theluthi mbili ya askari waliokufa waliuawa na maradhi, si risasi.

Muulizaji: Ahsanteni. Nilidhani hofu yao kubwa ilikuwa mapigano.