Subaru WRX yangu imenoki (injini inagonga): niijenge EJ205, nilete EJ207, au niache nguvu nikanunue breki?

Kona_Tatu (Thika)

Wakuu, salamu. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela mfukoni.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2003, bodi ya GDA, injini EJ205 (lita 2.0 yenye tabo, kifaa kinachoisukumia injini hewa), gia tano za manuali. Siku za kazi inanipeleka ofisini. Mara nne au tano kwa mwaka naipeleka kwenye siku za kukimbiza muda, za watu wa kawaida kama sisi. Mwezi uliopita, raundi ya tatu, kwenye kona ndefu, taa ya oili iliwaka kama sekunde moja ikazima. Nikamalizia raundi. Nilipopunguza mwendo nikasikia ngo-ngo-ngo inayofuata mzunguko wa injini. Nikazima hapo hapo, gari ikavutwa hadi nyumbani. Oili niliyomwaga inameta kama rangi ya kucha.

Nimewaza njia nne:

1. Ovahoo (kufungua na kujenga upya) ya EJ205 yangu, pistoni na konrodi (mikono inayoshika pistoni) za foji, yaani zilizofuliwa, imara zaidi, presha ya tabo ipande.
2. EJ207 (injini ya WRX STI, yenye nguvu zaidi) ya mtumba kutoka Japani, ifungwe kama ilivyo.
3. Bloku ya lita 2.5 (EJ25) chini, hedi zangu (vichwa vya silinda) juu.
4. Ovahoo ya kawaida bila kuongeza nguvu, hela inayobaki iende kwenye breki, tairi na upozaji.

Bajeti ni shilingi 600,000 za Kenya, kila kitu humo. EJ207 niliyotajiwa inakula robo tatu ya hela hiyo kabla haijafungwa. Moyo wangu uko kwenye namba 1, lakini nawasikiliza.

FundiMkongwe (Nairobi)

Pole sana kaka. Kabla ya kuchagua, jibu maswali mawili. Oili ilikuwa kiasi gani ulipoanza siku ile? Na krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) umeiona kwa macho au unakisia?

Hiyo ni beringi ya konrodi, sina shaka. Injini hii imelala, silinda mbili kila upande. Kwenye kona ndefu oili inasukumwa upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini) na nyingine inakwama kwenye hedi ya nje, hairudi upesi. Bomba la kufyonza likivuta hewa badala ya oili, hata kwa sekunde moja, beringi inabaki chuma kwa chuma. Sekunde yako moja ndiyo hiyo.

Sasa sikia jambo ambalo watu wengi hulipuuza, halafu wanarudi kwangu baada ya wiki tatu wakilia. Beringi ikisagika, unga wa chuma hauishii kwenye sampu. Unaingia kwenye oili pampu, kwenye kipoza oili, kwenye tabo, kwenye kila njia ndani ya hedi. Ukifunga injini mpya ukarudisha kipoza oili kile kile, umeipa injini mpya sumu ya ile ya zamani. Kipoza oili usikioshe, kitupe. Pampu mpya. Tabo ifunguliwe ikaguliwe. Bloku ikitoka kuchongwa, vizibo vya njia za oili vitolewe na njia zisuguliwe kwa brashi ndefu, maji ya moto na sabuni, hadi kitambaa cheupe kipite kikatoka cheupe. Hayo hayaonekani kwenye picha za kujivunia, lakini ndiyo yanayoamua injini itaishi miaka mingapi.

Hii inahusu njia zote nne sawasawa. Hata ukileta EJ207, usiiwekee tabo wala kipoza oili cha gari lako la sasa.

Kigamboni_STI (Dar es Salaam)

Mkuu, mimi niko upande wa namba 2 na sioni haya kusema. Nilifunga EJ207 kwenye GDA yangu na sijajuta.

Bloku za EJ205 na EJ207 si sawa. Silinda za EJ205 zimesimama ndani ya maji, huko juu hazijashikwa na kitu. Za EJ207 zimeshikiliwa kwa sehemu na kuta za bloku, kwa hiyo hazitikisiki presha ikipanda. Ya Japani ilitoka kiwandani na farasi 280 kwenye karatasi, inazunguka hadi mara 8,000 kwa dakika, na tabo yake ni kubwa kuliko ile TD04 yako. Yote hayo yamepangwa na wahandisi waliojua wanachofanya. Ukijenga ya foji mwenyewe, unategemea mkono wa fundi mmoja na mashine ya kuchonga uliyoipata.

Tahadhari zangu: usinunue kwa picha. Nenda na betri na kipimo cha kompresheni, stata izungushwe mbele yako. Fungua sampu, muuzaji akikataa ondoka. Ingiza kamera ndogo kwenye matundu ya plagi uangalie kuta za silinda. Dai waya zote na kompyuta yake, zisiwe zimekatwa. Zile za baadaye zina tabo ya njia mbili, kwa hiyo manifodi ya egzosti ije pamoja nayo, ya kwako haitashika.

DadaWaDaino (Nairobi)

Kaka wa Kigamboni umesema vizuri, lakini wewe uko usawa wa bahari. Sisi tuko juu karibu mita 1,800, na hapo hesabu inabadilika.

Hewa ya Dar ina shinikizo la takriban kPa (kilopaskali) 101. Ya Nairobi ni kama 82. Tuseme unataka ndani ya manifodi ya kuingizia hewa kuwe na kPa 200 kamili. Dar, tabo inaikandamiza hewa mara 1.98. Nairobi, ili ufike pale pale, inabidi ikandamize mara 2.44. Ni tabo ile ile, ila inazunguka kwa kasi zaidi, hewa inatoka moto zaidi, na intakula (kipoza hewa ya tabo) inapozwa na hewa nyepesi. TD04 ni ndogo. Ukiisukuma huku juu kama wanavyoisukuma pwani, inakuwa kama feni ya kupasha moto: presha kwenye geji unaiona, nguvu kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari) huioni. Nimeona hivyo mara nyingi mno.

Kwa hiyo namba 1 ukiwa na TD04 ni hela ya foji bila faida ya foji. Namba 1 kamili inataka tabo, injekta, pampu ya petroli na kutuni (kupanga upya kompyuta ya injini). Sitakudanganya, 600,000 haifiki.

Na EJ207 ya Japani ilitengenezwa kwa petroli ya kule ya oktani 100. Ukiifunga hapa na kompyuta yake bila kuituni, unaiomba ijilinde yenyewe kwa kurudisha nyuma taiming (wakati wa cheche ya plagi). Itajitahidi, lakini kwenye joto la raundi ya tano petroli italipuka kabla ya wakati wake na pistoni ndiyo itakayolipa. Tenga hela ya kutuni, na usiihamishe hata bei ya kitu kingine ikizidi.

Pia, ukibadilisha injini, namba iliyo kwenye logibuku haitalingana na ya gari. Maliza mambo ya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) mapema, usingoje usimamishwe barabarani.

Salum_Maskati (Muscat)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi naendesha Dubai Autodrome mara chache kwa mwaka. Natoka Muscat na gari lile lile, nakimbiza, narudi nalo nyumbani, kwa hiyo kwangu gari kufika nyumbani ni sehemu ya mchezo.

Nataka nizungumzie namba 4 kwa sababu naona inapita haraka haraka. Nishati ya mwendo inapanda kwa mraba wa kasi. Ukifunga breki kutoka kilomita 160 badala ya 120, joto unalolitia kwenye diski ni karibu mara 1.8, na kwenye sakiti unafanya hivyo kona baada ya kona bila kupumzika. Mafuta ya breki ya DOT 3 kiwango chake cha chini cha kuchemka yakiwa mapya ni nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu wa hewa yanashuka hadi 140. DOT 4 mapya ni 230, yakiwa na unyevu ni 155. Yakichemka, pedali inazama hadi sakafuni na gari halisimami. Yalinikuta mwishoni mwa njia iliyonyooka, na niliyoyahisi pale sitaki mtu mwingine ayahisi. Mafuta yangu tangu hapo ni ya mashindano, yanayopita 300, nayabadilisha kabla ya kila siku ya sakiti.

Ndugu yangu wa Thika, umetaja presha ya tabo kwenye mstari wa kwanza na breki kwenye mstari wa mwisho. Je, mafuta ya breki ulibadilisha lini?

Mswahili_Norfolk (Uingereza)

Naongezea kwa Salum. Mimi hukimbiza Snetterton, iko karibu na kwangu. Kuna kona inaitwa Coram, ndefu kupita kiasi, unageuka kulia unageuka bado unageuka. Yeyote mwenye EJ na sampu ya kawaida hukaa macho yote kwenye geji ya oili pale. Kwa injini hii sampu yenye vizuizi ndani na bomba imara la kufyonza ndivyo vitu vya kwanza kununua, kabla ya farasi hata mmoja.

Na oili yenyewe! Kati ya alama ya chini na ya juu kwenye kijiti kuna kama lita moja. Injini nzima inabeba lita nne na kidogo. Ukiingia kona ndefu ukiwa karibu na alama ya chini, umeshapoteza karibu robo ya akiba yako.

Kuhusu namba 3, iache. Silinda ya EJ25 ni milimita 99.5 na ya EJ20 ni 92, na nafasi kati ya silinda na silinda haijaongezeka. Nyama ya katikati inapungua, gasketi inabaki na pa kushika padogo. Kwa barabarani torku yake ni tamu. Kwa kukanyaga dakika ishirini mfululizo, mtu wa bajeti asiende huko.

Kona_Tatu (Thika)

Nashukuru sana, kila mmoja wenu.

Najibu kwa ukweli. Oili: asubuhi ile sikupima. Nilipima jioni iliyotangulia, ilikuwa katikati ya alama. Mafuta ya breki: tangu ninunue gari sijabadilisha, ni miaka miwili na nusu.

Jumamosi tulifungua injini. Beringi ya konrodi ya silinda ya tatu imezunguka na kulamba krankshafti, mikwaruzo inashika kucha. Konrodi yake imebadilika rangi, bluu. Pistoni zote nne ni nzima, hakuna ringi iliyokatika. Silinda zimechakaa kidogo ila hazina mikwaruzo. Bomba la kufyonza lina ufa mwembamba pale lilipounganishwa kwa kulehemu, siwezi kusema ulianza lini.

FundiMkongwe (Nairobi)

Ufa huo unavuta hewa hata gari likiwa limesimama. Umepata mchawi wako.

Krankshafti kama kucha inashika, usikubali kusuguliwa kwa msasa na kuwekewa beringi za kawaida, watakaokuambia hivyo wapo. Ama ichongwe saizi ya chini na beringi zake zitafutwe, ama ununue nyingine nzima. Kwa sakiti, mimi ningenunua nzima, halafu nafasi ya oili ipimwe kwenye kila beringi: karibu milimita 0.04, pungufu kidogo au zaidi kidogo, lakini ipimwe na iandikwe. Fundi akikwambia anaihisi kwa mkono, chukua vyuma vyako uende kwingine. Konrodi ya bluu ni chuma chakavu, usiibembeleze.

Pistoni za foji, kwa presha ya kiwandani, huzihitaji. Zile zenye kuvumilia zaidi zinatanuka sana zikipata moto, kwa hiyo zinafungwa zikiwa na nafasi kubwa na asubuhi zinagonga hadi injini ipate joto. Kwa gari la kwenda ofisini kila siku, utachoka nazo.

DadaWaDaino (Nairobi)

Naungana naye. Na ukimaliza niletee kwenye daino hata kama hujaongeza kitu. Tunaangalia mchanganyiko, taiming na joto la hewa baada ya intakula, mizunguko sita mfululizo bila kuipumzisha. Mzunguko mmoja wa kwenye daino unapendeza macho tu, wa sita ndio unaosema kitakachotokea sakiti.

Kigamboni_STI (Dar es Salaam)

Kwa hali ya pistoni ulizoonyesha, hata mimi nisingetupa bloku hiyo. Bado naamini EJ207 ni injini bora, ila bora hiyo inataka bajeti yake kamili. Ukija kuileta siku moja, nitafute, nina waya na mchoro wake.

Kona_Tatu (Thika)

Nimeamua namba 4. Krankshafti nzima ya mtumba nimeipata, inapimwa Jumanne. Konrodi moja, ringi mpya, beringi zote, pampu ya oili, kipoza oili kipya, sampu yenye vizuizi na bomba la kufyonza jipya. Tabo imefunguliwa: beringi zake zina mikwaruzo, inajengwa upya. Kwa mahesabu yangu zinabaki kama 170,000. Hizo ni za padi za breki, mafuta ya breki, geji ya presha ya oili yenye taa kubwa mbele ya macho yangu, na siku moja kwa DadaWaDaino. Tairi zitangoja.

Salum, mafuta ya breki niliyatoa jana. Yalikuwa meusi kama kahawa.