Naomba ushauri: kuchagua moduli za kupakiwa Porteus inapowaka

Habari zenu wakuu. Natumia Porteus (mfumo mdogo wa Linux) kwenye flashi, na flashi hiyo hiyo naichomeka kwenye mashine mbili: moja ina RAM ya GB 1, nyingine GB 8. Moduli zangu za ziada (faili za .xzm zenye programu) zote zilikuwa kwenye folda ya modules, kwa hiyo zinapakiwa kila mara. Mashine ndogo inaelemewa, hasa nikiwasha kwa copy2ram, maana kila kitu kinanakiliwa kwenye RAM kwanza.

Nimeshahamishia programu za ofisi na ya kuhariri picha kwenye folda ya optional, ambayo moduli zake hazipakiwi mpaka uzitaje. Sasa nataka menyu ya kuwashia iwe na chaguo mbili: "nyepesi", isiyoongeza kitu, na "kamili", yenye load= ikifuatiwa na majina ya moduli. Za folda ya base (moduli za mfumo wenyewe) sizigusi kabisa; ukizuia kerneli (kiini cha mfumo) au xorg (inayoonyesha madirisha kwenye skrini) kwa noload= umejifungia nje mwenyewe.

Kinachonisumbua ni utegemezi. Programu ya picha inahitaji maktaba zilizo kwenye moduli nyingine, na nikisahau kuitaja hiyo, programu haifunguki wala haitoi ujumbe wowote. Je, niziunganishe ziwe moduli moja, au niendelee kuziorodhesha zote kwenye porteus.cfg (faili ya menyu ya kuwashia)? Au ni heri niwashe nyepesi siku zote, kisha nitumie amri ya activate, inayopakia moduli mfumo ukiwa umeshawaka, ninapohitaji kitu?

Aliyewahi kupanga hivi naomba anielekeze, hata kwa kunionyesha mistari ya menyu yake. Nitashukuru sana.